Maji yapi? Ada ya umwagiliaji na wakulima wa Mto Mkoji, Usangu

Swali la kumi na nne katika dodoso letu lilisomeka hivi: "Uko tayari kulipa shilingi ngapi kwa ekari kwa msimu ili upate maji ya kumwagilia?" Nililisoma kwa sauti mbele ya mama mmoja ambaye jaruba lake la mpunga lilikuwa mkiani kabisa mwa mfereji, upande wa chini wa barabara kuu iendayo Zambia. Aliegemea jembe lake, akanitazama, akasema, "Mwanangu, maji yapi?" Nilidhani hakusikia, nikarudia swali. Safari hii hakujibu. Alinyoosha kidole kuelekea mfereji. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka, na juu yake zilionekana alama za kwato za ng'ombe waliopita siku nyingi. Kisanduku cha jibu kilitaka tarakimu. Niliandika sifuri, nikamshukuru, nikaenda kwa jirani yake.

Sifuri ile ilipofika kwenye kompyuta iligeuka kuwa "hayuko tayari kulipia maji". Ikaingia kwenye wastani, wastani ukaingia kwenye ripoti. Nimeifikiria sana tangu siku ile, maana mama yule hakusema hatalipa. Aliuliza analipia nini. Swali lake lina uzito kuliko langu, na kisa cha Mto Mkoji katika miaka ambayo serikali ilianza kutoza ada ya maji ya umwagiliaji ndicho kinachoonyesha kwa nini.

Mto na watu wake

Usangu ni uwanda mpana kusini magharibi mwa Tanzania, sehemu yake kubwa ikiwa leo wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Upande wa kusini umepakana na milima ya Uporoto na Kipengere, ambako mvua hufika milimita 1,500 kwa mwaka. Chini uwandani hunyesha milimita 600 hadi 800 tu, na zote huja katika kifuku kimoja, kati ya Novemba na Mei. Kwa hiyo mpunga wa Usangu hautoshelezwi na mvua ya Usangu. Unategemea mvua ya mlimani inayoshuka na mito: Mbarali, Kimani, Chimala, Ruaha Mkuu wenyewe, na vijito vingi vinavyokusanyika upande wa magharibi na kuwa Mkoji. Maji hayo huelekea kwenye kinamasi cha Ihefu, yakatoka huko kama Ruaha Mkuu, yakakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yakaingia bwawa la Mtera na kisha Kidatu. Mtera ina mitambo ya megawati 80 na Kidatu megawati 204. Katika miaka ya 1990 umeme wa nchi ulitegemea sana mitambo hiyo, na jambo hilo lina maana kubwa katika kisa hiki.

Mifereji ya Usangu ina historia. Walowezi Wabaluchi ndio wanaotajwa kuanzisha mpunga wa kumwagilia huko enzi za ukoloni, Wasangu na wageni wengine wakajifunza. Miaka ya 1970 likajengwa shamba kubwa la taifa la Mbarali kwa msaada wa China, baadaye Kapunga lenye hekta zipatazo 3,000, kisha Madibira la wakulima wadogo. Kila penye mfereji mkubwa, wadogo nao walichimba yao pembeni.

Mkoji wenyewe si mto mkubwa, na hiyo ndiyo sababu unafaa kwa uchambuzi. Unaweza kuutembea wote kwa macho. Juu, maeneo ya Inyala, watu wanamwagilia kiangazi: viazi, maharage, vitunguu, mahindi mabichi, na soko la jiji la Mbeya haliko mbali. Katikati, maeneo ya Igurusi na Mswiswi kando ya barabara kuu, kifuku ni mpunga na kiangazi ni chochote ambacho maji yatakiruhusu. Chini, kuelekea Utengule, Ukwaheri na Madundasi, kuna mpunga na mifugo, na kuna watu wanaopokea kilichobaki. Kiangazi mto hufa kabla ya kuwafikia. Akina mama huchimba visima kwenye mchanga wa mto wenyewe ili wapate maji ya kupikia.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo hali hiyo imejirudia karibu kila mwaka. Mgao wa umeme nao ukabana nchi katika miaka hiyo hiyo. Mambo mawili yakaunganishwa kuwa kesi moja, na mshtakiwa akawa mkulima wa mpunga. Uchunguzi wa kina uliofanywa Usangu mwishoni mwa muongo huo na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa ni mambo mawili tofauti: umwagiliaji wa kiangazi ulikuwa na mkono mkubwa katika kukauka kwa mto hifadhini, lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya kifuku, na jinsi bwawa lilivyoendeshwa lilipokuwa na maji ilichangia sana kulifanya liishe. Tofauti hiyo haikufika redioni. Kilichofika ni kwamba wakulima wanafuja maji kwa sababu hawayalipii.

Ada yaingia

Mwezi Januari 1992 wataalamu wa maji wa dunia walikutana Dublin, na mojawapo ya kanuni walizotoka nazo ilisema kwamba maji yana thamani ya kiuchumi na yatambuliwe hivyo. Tanzania tayari ilikuwa na Sheria Namba 42 ya mwaka 1974 iliyoyaweka maji yote mikononi mwa Jamhuri, na kumtaka anayeyachukua mtoni awe na haki ya maji, yaani hati inayotaja kiasi cha lita kwa sekunde. Ofisi ya Bonde la Rufiji, inayosimamia maji ya mito ya bonde hilo, Ruaha Mkuu ukiwemo, ilianzishwa mwaka 1993, na kuanzia 1996 mradi mkubwa wa Benki ya Dunia ukaja na mambo mawili kwa pamoja: kuimarisha usimamizi wa mabonde na kuboresha skimu za umwagiliaji za wakulima wadogo. Katika miaka hiyo hiyo ndipo ada ilipoanza kuwa na makali. Kuomba haki ya maji kulikuwa na gharama ya takriban dola 40 kwa fedha za Kitanzania, na ada ya kila mwaka ilianzia karibu dola 35 kwa mtumiaji mdogo kabisa, ikipanda kulingana na lita zilizoandikwa kwenye hati.

Malengo yalikuwa mawili. Kwanza, ofisi ya bonde ipate fedha za kujiendesha. Pili, mkulima akilipia maji ayaonee uchungu na kuacha kuyafuja.

Tuangalie kwanza ukubwa wa mzigo wenyewe. Chukua mfereji mmoja wenye wakulima 100 wanaolipa ile ada ya chini. Dola 35 zikigawanywa kwa watu 100 ni senti 35 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima. Hata kwa mfereji uliolipa mara kadhaa ya hapo, fungu la kila mtu lingekuwa chini ya malipo ya kibarua wa siku chache. Kwa hiyo anayesema wakulima wa Mkoji walishindwa kulipa kwa sababu ya umaskini hajapiga hesabu hii. Umaskini upo, nimeulalia na kuuamkia, lakini hapa si jibu.

Lengo la kwanza lilikwama mapema. Kuwafikia wakulima wadogo, kuwaorodhesha, kuwaundia vikundi, kurudi kuwadai, kwa barabara za udongo mweusi ambazo kifuku hazipitiki, kuligharimu zaidi ya kile walichotoa. Fedha za maana zilitoka kwa watumiaji wakubwa, hasa wazalishaji wa umeme. Afisa wa bonde aliyesafiri siku nzima kukusanya ada ya mfereji mmoja aliweza kurudi na stakabadhi zisizofidia mafuta ya gari lake na posho ya safari. Hilo peke yake lingetosha kuwafanya wenye mamlaka wasite. Yaliyotokea kwa lengo la pili ni mabaya zaidi, lakini kabla ya hapo inabidi tuone wakulima walikuwa wanafanya nini kabla hawajaona stakabadhi.

Walikuwa wakilipa tayari

Banio la kienyeji la Usangu, yaani kizuizi mtoni kinachoelekeza maji mferejini, hujengwa kwa miti, mawe, nyasi na udongo. Mafuriko ya kwanza makubwa hulisomba, na watu huingia mtoni kulijenga upya. Mfereji mkuu hujaa tope na magugu, lazima uchimbuliwe kabla ya msimu. Kazi hiyo ni ya kila mwenye jaruba, na anayekosa hutozwa faini na kamati ya mfereji; akikaidi, zamu yake ya maji hurukwa. Tuseme mkulima anatoa siku kumi kwa mwaka na kibarua cha siku ni shilingi 5,000. Hiyo ni shilingi 50,000, na hajafungua pochi. Dodoso letu halikuwa na mahali pa kuandika siku hizo kumi.

Angalia pia kodi ya mashamba. Wengi wanaolima mpunga Usangu wanakodi, na kila aliyekodi anajua kwamba ekari iliyo karibu na kichwa cha mfereji haina bei moja na ekari ya mkiani, hata kama udongo ni ule ule na mbegu ni ile ile. Tofauti ya bei kati ya mashamba hayo mawili ni bei ya maji ya uhakika. Hakuna mtafiti aliyeipanga. Wameipanga wenyewe kwa miaka mingi ya kupata na kukosa. Ningekuwa na siku moja tu ya kujua utayari wa watu kulipia maji katika kijiji chochote, ningeitumia kuuliza kodi za mashamba kuanzia kichwani hadi mkiani, nisingegusa swali la kumi na nne.

Kisha kuna pampu. Pampu ndogo ya petroli ikitoa meta za ujazo kama 25 kwa saa na kula lita moja, ekari ya nyanya inayohitaji meta za ujazo 2,000 kwa msimu itakula lita 80. Petroli ikiwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 240,000 kwa ekari moja, na bado hujanunua pampu wala mipira. Watu wanalipa hivyo kila kiangazi bila kushurutishwa. Jaribu hesabu hiyo hiyo kwa mpunga, ambao huweza kunywa meta za ujazo 4,000 na zaidi kwa ekari: lita 160, shilingi 480,000. Hapo mkulima anayevuna magunia machache hawezi, na hafanyi. Utayari wa kulipa una mipaka, na mipaka hiyo huwekwa na zao, bei ya sokoni na msimu. Lakini upo, na ni mkubwa kuliko ada yoyote iliyowahi kudaiwa na ofisi ya bonde.

Anayenunua petroli anajua kitu kimoja: akivuta kamba, maji yanatoka.

Zege na stakabadhi

Sasa tuje kwenye kiini. Mradi ule ule ulioleta ada ulileta pia mabanio ya zege yenye mageti ya chuma. Lilionekana jambo jema lisilo na mjadala. Wakulima waliacha kuingia mtoni kila mwaka kubeba mawe, na nani angewanyima nafuu hiyo? Lakini banio la miti na mawe lilikuwa linavuja. Kiangazi, mto unapopungua, sehemu ya maji ilipenya kati ya mawe na kuendelea na safari hadi kwa watu wa chini. Uvujaji ule, ambao wahandisi waliuita upotevu, ndio uliokuwa mgao wa Ukwaheri na Madundasi. Zege haivuji. Geti la mfereji likifunguliwa kiangazi, banio lililojengwa vizuri linaweza kuchukua mto mzima.

Juu ya zege ikaja hati. Hati inataja lita kwa sekunde, namba moja kwa mwaka mzima au isiyobadilika vya kutosha. Tuseme mfereji umepewa lita 200 kwa sekunde. Februari mto ukiwa na lita 3,000, lita 200 si kitu. Oktoba mto ukiwa na lita 150, mwenye hati ya lita 200 anaweza kuchukua tone la mwisho na bado akawa ndani ya sheria. Ukijumlisha hati za mto mmoja, jumla ya kiangazi inaweza kuzidi maji yaliyopo. Na mabanio mengi hayakuwa na kipimo, kwa hiyo hata hizo lita 200 zilikuwa za kwenye karatasi.

Ndipo ikaja stakabadhi. Zamani mkulima wa juu aliyefunga mto alijua moyoni kuwa anakosea. Wazee wa chini wakipanda na kulalamika, alikuwa hana la kusema. Alifungua maji walau siku mbili za wiki. Alipolipa ada akapata neno. "Tumelipia. Maji haya ni yetu." Watafiti waliofuatilia Mkoji na mito jirani walilisikia neno hilo, na mimi nimelisikia kwa masikio yangu kutoka kwa mtu mpole, mwenyekiti wa kamati, aliyelisema bila kiburi, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. Kwa nini asiamini hivyo? Ukinunua gunia la mbolea, hakuna anayekuuliza jirani yako wa chini atapata nini.

Ada iliyokusudiwa kuwafanya watu wabane matumizi ikawapa wengine sababu ya kuchukua zaidi. Haikuwa na njia ya kufanya kazi iliyotarajiwa, maana haikutozwa kwa maji aliyotumia mtu; ilitozwa kwa lita zilizoandikwa. Ukishalipa, lita moja zaidi ni bure. Ukifunga geti mapema ili ubane matumizi, hurudishiwi chochote. Bei ya aina hiyo haimfundishi mtu kubana matumizi, hata angekuwa mhasibu.

Kulikuwa na mkanganyiko mwingine ulioumiza zaidi ndani ya mfereji. Hati ilitolewa kwa kikundi, lakini fedha zilitakiwa kutoka mifukoni mwa watu. Anayelipa na asiyelipa wanakunywa mfereji mmoja. Huwezi kumzuia asiyelipa bila kufunga geti dogo linalowahudumia pia majirani zake waliolipa. Mkulima wa kichwani anapata maji alipe asilipe. Mkulima wa mkiani anakosa alipe asilipe. Katika hali hiyo mwenye sababu ya kulipa ni nani? Wachache wa katikati, na wale wanaoona aibu mbele ya mwenyekiti. Mama yule wa swali la kumi na nne alikuwa analijua hilo bila kusoma uchumi wowote.

Gololi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Uingereza walileta Usangu mchezo. Ni ubao mrefu wenye mteremko, umechongwa mfano wa mto na mifereji yake. Gololi ndizo maji. Kila mchezaji ana mfereji wake na idadi ya gololi anazohitaji ili familia ishibe, na ana vijiti vya kuweka mtoni kuzielekeza kwake. Gololi zinamwagwa juu. Duru ya kwanza huenda kama unavyotarajia: wa juu wanajaza mashimo yao hadi yanafurika, wa chini wanabaki na vijiti mikononi.

Uzuri wake unaonekana wachezaji wanapobadilishana nafasi. Mkulima wa juu katika maisha yake anawekwa chini ya ubao, anakaa pale akisikia gololi zikigonga mashimo ya wenzake, kwake haifiki hata moja. Kisha watu wanaanza kuzungumza. Wanapanga zamu, wanakubaliana nani atoe kijiti na lini, wanagundua kwamba mtu wa juu alikuwa na gololi nyingi kuliko alizohitaji. Naukumbuka mchezo huu ninapoandika juu ya ada kwa sababu watu wale walifikia mgao wenye nafuu bila kutaja shilingi. Walichohitaji kwanza ni kuuona mto wote kwa mara moja.

Na ukiwauliza watu wa chini wangelipa nini ili mabanio ya juu yafunguliwe siku mbili za wiki Oktoba, hapo hupati sifuri. Hata bila kuulizwa, walikuwa wanatuma wazee wao kupanda mto kwenda kuomba maji. Nauli, siku ya kazi iliyopotea, na heshima ya mzee anayekwenda kuomba kitu anachoamini ni chake. Hayo yote ni malipo, na yalitolewa kwa watu wasiotoa stakabadhi.

Namna tulivyouliza

Narudi kwenye dodoso, kwa kuwa tafiti za aina hii zinaendelea kufanywa katika skimu zetu kila mwaka, nyingi zikiwa za wanafunzi wenye nia njema kama tuliyokuwa nayo sisi.

Tulifika Novemba. Mkulima wa mpunga Novemba hana kitu: mavuno yaliuzwa kati ya Juni na Agosti, mengine yaliuzwa yangali shambani kwa bei ya dhiki, kitalu kinataka mbegu, na mahitaji ya shule ya Januari yananusa mlangoni. Mtu huyo huyo ukimuuliza Julai, magunia yakiwa yamepangwa ukumbini, atakupa jibu jingine. Tulifika kwa gari, pamoja na afisa. Mwenyeji anayejua desturi hamkatishi tamaa mgeni, kwa hiyo wengine walitaja kiasi kikubwa ili tufurahi. Wengine walikumbuka kwamba waliowahi kuhesabu ng'ombe walirudi na kodi, wakataja kidogo ili wasije kudaiwa. Tulimuuliza baba mwenye kaya, ilhali zamu ya usiku ya kulinda maji kwenye jaruba aliifanya mke au kijana. Tulimuuliza aliyekodi shamba, ambaye akilipia ukarabati wa mfereji mwaka huu, faida yake mwakani itakwenda kwa mwenye shamba kupitia kodi iliyopanda.

Kubwa kuliko yote, tuliuliza kuhusu maji bila kusema ni maji gani. Maji ya mfereji Februari na maji ya mfereji Septemba ni bidhaa mbili. Maji ya zamu yenye siku inayojulikana na maji ya kuotea usiku nayo ni bidhaa mbili. Mtafiti anayetaka kupata namba ya kweli amweleze mkulima huduma kamili: maji yatafika kwenye geti lako kila siku ya nne, kwa muda fulani, kuanzia kupandikiza hadi punje zijae, yakikosa kufika mara mbili, hulipi. Kisha ndipo aulize bei. Na aulize kwa magunia pia, maana wengi wanapiga hesabu zao kwa gunia la mpunga wakati wa mavuno, na gunia halitishi kama shilingi za Novemba.

Baada ya hapo

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu kwa wingi, na machungu yake hayajaisha. Mto uliendelea kukauka kiangazi hata baada ya mwaka ule wa ahadi kupita.

Sheria zilibadilika. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 iliifuta ile "haki ya maji" na kuweka "kibali cha kutumia maji", na mimi nayaona mabadiliko hayo ya jina kuwa na maana kubwa. Anayeambiwa ana haki huitetea. Anayeambiwa ana kibali anajua kuna aliyempa, na kwa masharti. Sheria hiyo pia iliwapa uzito jumuiya za watumia maji, yaani watu wa juu na wa chini wa mto mmoja kukaa meza moja. Kisha ikaja Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na mfuko wa kuendeleza umwagiliaji. Sasa mkulima wa skimu anaweza kukutana na madai matatu kwa maji yale yale: ya kibali cha bonde, ya skimu kwa Tume, na mchango wa chama chake mwenyewe. Ofisini ni vitu vitatu vyenye sheria tatu. Kwenye jaruba ni mkono mmoja unaoingia mfuko mmoja, na ningependa wanaopanga viwango wakae siku moja chini ya mwembe wa ofisi ya skimu wasikie mweka hazina anavyohangaika kuyaeleza.

Maoni yangu, baada ya yote haya, ni kwamba ada ya bonde kwa mkulima mdogo mmoja mmoja haina tija na iachwe, itozwe kwa mabanio makubwa, mashamba makubwa na mitambo ya umeme, ambako kupima kunawezekana na kukusanya hakuzidi mapato. Mchango wa kuendesha mfereji ni jambo tofauti, nao utozwe, tena wa kutosha, lakini ubaki kwenye mfereji huo mpaka watu waone tope limetoka na geti limepakwa grisi. Ukusanywe Julai. Mwenye jaruba la mkiani alipe baada ya maji kumfikia. Na kibali kiandikwe kwa fungu la mto badala ya lita: mfereji huu uchukue sehemu moja ya tano ya maji yaliyopo, yawe mengi au machache. Hilo linawezekana hata bila kipimo cha kisasa. Ukuta mfupi wa zege unaogawa mkondo kwa upana hufanya kazi hiyo mchana na usiku, na mtoto anaweza kuona kwa macho kama kuna aliyeuchezea.

Lipo pingamizi moja ambalo silipuuzi. Watu wa juu waliojengewa mabanio ya zege na kulipa ada kwa miaka wataona wamenyang'anywa, na hawatakuwa wamekosea kabisa. Waliambiwa na serikali kwamba wakilipa watapata. Wao pia wana watoto shuleni kwa vitunguu vya kiangazi. Kufungua mto kwa siku mbili za wiki kunawagharimu kitu halisi, na mtu anayepanga zamu mpya bila kukaa nao na kuhesabu gharama hiyo atarudi kukuta geti limevunjwa usiku. Nimewahi kuona geti la namna hiyo, kufuli likiwa zima na chuma kimekatwa pembeni yake.

Nikipewa dodoso tena, kabla ya swali lolote la bei ningeuliza: katika kiangazi kilichopita, maji yalifika kwenye jaruba lako siku ngapi? Na ningeacha nafasi ya kutosha chini yake, mistari mitatu au minne isiyo na kisanduku.